Maneno 30 ya roboti: mchezo nilioudharau

Yapo makosa ambayo mwalimu huyatenda mbele ya darasa zima, na yapo yale ayatendayo faraghani, mlango ukiwa umefungwa, ambayo hayajui mtu mwingine ila yeye na mwanafunzi aliyekosewa. Kosa ninalotaka kuliungama leo ni la aina ya pili. Miaka sita iliyopita, mwanafunzi wa mwaka wa nne alinijia ofisini akiwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, mbele na nyuma. Alitaka nimsimamie katika utafiti mdogo kuhusu lugha ya mchezo wa video uitwao Berzerk, mchezo wa mashine ya kutumbukiza sarafu uliotolewa Marekani mwaka wa 1980, muda mrefu kabla yeye hajazaliwa. Nilisoma upande mmoja wa karatasi, nikamrudishia. Nilimwambia kwamba idara yetu ni ya isimu wala si ya burudani. Kwamba mchezo wa kulenga na kupiga hauna lugha ya kuchunguzwa. Na kwamba akatafute mada ya maana. Akaenda, akachagua mada ambayo wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuiandika, akapita mtihani, akaondoka.

Muhula uliopita, nikiwa katikati ya kipindi cha sintaksia, mwanafunzi mwingine aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, lugha yahitaji kuwa na maneno mangapi ndipo iitwe lugha?" Nilimjibu upesi upesi, kama tujuavyo walimu kujibu tusilolijua, kwamba jambo hilo halina idadi. Jibu hilo halikumridhisha, nami halikuniridhisha. Jioni hiyo nikaikumbuka ile karatasi, kwa kuwa upande ule nilioubahatika kuusoma ulikuwa na hesabu ya maneno. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoiga mashine kongwe. Nikautafuta mchezo wenyewe, nikaketi nao usiku kucha. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwa asiyeujua, Berzerk ni mchezo sahili kuutazama. Mchezaji ni kijitu chembamba kilichochorwa kwa vistari vichache, kikiwa ndani ya chumba chenye kuta nyingi, mfano wa mzingile. Kuta hizo zina umeme, ukizigusa, umekufa. Chumbani mna roboti, na kazi yako ni kuwapiga risasi au kutafuta njia na kutorokea chumba cha pili, ambacho nacho kina roboti wake. Mwanzoni roboti hao hawafyatui risasi. Alama zako zikiongezeka, hubadilika rangi na kuanza kukulenga. Si werevu sana: hujigonga kwenye kuta wakateketea, hugongana, na hata hupigana wenyewe kwa wenyewe. Kila roboti ana thamani ya alama 50. Nawe ukizubaa chumbani kupita kiasi, hutokea uso wa duara wenye tabasamu, unaodundadunda kama mpira, ukipita juu ya kuta na kukujia papo hapo ulipo. Jina lake ni Otto, na hakuna risasi ya kumwua. Chumba cha mwisho hakipo. Mchezaji hashindi kamwe. Huchelewesha tu kushindwa.

Mbunifu wa mchezo huo aliitwa Alan McNeil, na kampuni iliyoutoa ni Stern Electronics ya jijini Chicago. Jina la mchezo lilichochewa na hadithi za kubuni za Fred Saberhagen kuhusu mashine za vita zinazozurura angani zikiangamiza kila chenye uhai. Mwaka huo huo wa 1980 ndio ulioleta Pac-Man kutoka Japani, yule mla vitone aliyeenea duniani kote hata akachorwa kwenye fulana na vikombe vya chai. Berzerk haikukosa wapenzi katika siku zake, lakini leo, watu wanapoitaja michezo ya enzi hiyo, Pac-Man hutajwa kwanza na Berzerk hutajwa kama tanbihi, tena kama mchezo wa kupiga risasi na basi. Hapo ndipo nasema kwamba umepunjwa. Kwani roboti wa Berzerk walifanya jambo ambalo Pac-Man hakulifanya. Walisema.

Mtu wa leo, ambaye simu yake humsomea njia na kumjulisha hali ya hewa, atauliza kuna ajabu gani mashine kusema. Ajabu ipo katika bei. Mwaka wa 1980, kuligeuza neno moja la sauti ya mwanadamu kuwa namba ambazo kompyuta ingeweza kuzihifadhi kulikisiwa kugharimu takriban dola 1,000 za Marekani. McNeil na wenzake walikuwa na maneno 30. Hebu tuwaze sisi walimu, ambao humwaga maneno kila siku bila kuyahesabu: tungeambiwa kwamba kila neno ni dola 1,000 na kwamba tuna maneno 30 pekee, tungechagua yapi? Na tungeyapangaje ili msikilizaji asichoke kuyasikia?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tujue sauti ile ilitoka wapi. Kipande cha silikoni kilichowapa roboti ulimi hakikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Kilitengenezwa na kampuni ya Telesensory Systems ya California, iliyokuwa ikishughulikia vifaa vya kuwasaidia wasioona, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kikokotoo kisemacho kilichotolewa mwaka wa 1976. Kikokotoo hicho kilikuwa na maneno 24: namba, majina ya hesabu, na machache mengineyo. Kipofu aliyebonyeza kitufe alisikia namba aliyoibonyeza. Akibonyeza cha jumla, alisikia jibu. Aliweza kufanya hesabu zake mwenyewe bila kumwomba jirani amsomee.

Mbinu iliyowezesha hayo ilikuwa ya Forrest Mozer, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aligundua namna ya kulifinya wimbi la sauti likaingia katika nafasi ndogo mno. Msingi wa mbinu hiyo ni wa kifonetiki kabisa: sikio la mwanadamu halijali kila kitu kilichomo katika wimbi la sauti. Yapo mambo ambayo ukiyaondoa, msikilizaji hatambui kwamba yameondoka. Mozer aliyatupa yale ambayo sikio haliyahitaji, akabakiza yale ambayo bila hayo neno halitambulikani. Kilichosalia kilikuwa sauti kavu, ya mikwaruzo, isiyo na uhai, lakini yenye kueleweka. Wanafunzi wangu wa fonolojia hupata shida kuelewa tofauti kati ya sauti ilivyo na sauti isikikavyo. Laiti ningekuwa nao kikokotoo hicho mezani, ningeokoa mihadhara miwili.

Hivyo, sauti iliyobuniwa ili imwambie kipofu jumla ya fedha zake ndiyo hiyo iliyokuja kumtishia kijana mwenye sarafu mfukoni. Sisemi hayo kwa kulaumu. Chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni maneno na mpangilio wake. Na mpangilio ndio unaonihusu mimi mwanaisimu.

Kikokotoo kilikuwa na orodha. Roboti walikuwa na sarufi. Mchezo una vitenzi sita vya kuamuru, ambavyo kwa Kiswahili tungevifasiri hivi: rukia, shambulia, ua, angamiza, piga risasi na kamata. Una pia yambwa nne: kiumbe chenye umbo la mtu, mvamizi, kuku, na kile kiwakilishi cha Kiingereza kinachosimama badala ya kitu. Mashine huchagua kitenzi kimoja, ikachagua na yambwa moja, ikaviunga. Mara utasikia amri ya kumshambulia mvamizi, mara ya kumwangamiza kiumbe, mara ya kumwua kuku. Ukihesabu na kile kineno cha Kiingereza kitanguliacho nomino, maneno yaliyotumika ni 11 tu. Sentensi zinazopatikana ni 6 mara 4, yaani 24.

Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa katika karatasi niliyoirudisha. Nilipoisoma wakati ule niliiona kama mchezo wa kuzidisha. Leo naiona kuwa ndiyo mhimili wa somo ninalolifundisha. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916, alitufundisha kwamba kila usemi umesimama juu ya mihimili miwili: ule wa vipashio vinavyofuatana, na ule wa vipashio vinavyoweza kubadilishana nafasi. Miaka nenda miaka rudi nimekuwa nikichora mihimili hiyo ubaoni, huku wanafunzi wakinakili bila kuamini. Kumbe ipo mashine iliyoifanya mihimili hiyo isikike kwa masikio. Tena mashine hiyo haikuishia hapo: sentensi ile ile huweza kutamkwa polepole kwa sauti nzito, au upesi kwa sauti nyembamba, hata msikilizaji akadhani kwamba roboti wasemao ni wengi.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba vyumba vyenyewe vimejengwa kwa akili hiyo hiyo. Mashine haikuwa na nafasi ya kuhifadhi picha ya kila chumba. Ilihifadhi kanuni. Namba ya chumba huingizwa katika kanuni, na kanuni hutoa kuta. Kwa njia hiyo mchezo una vyumba zaidi ya 60,000, ambavyo hakuna mtu aliyeketi akavichora. Vitu vichache, kanuni chache, matokeo mengi: nani aliyewahi kuieleza lugha kwa ufupi kuliko huo?

Hata hivyo, sentensi zinazoungwa hovyo bila kujali wakati wala mahali si usemi, ni kelele. Roboti wa Berzerk walijua wakati wa kusema. Mchezaji akitoroka chumbani huku roboti wengine wakiwa bado hai, humtukana: humwita kuku, na kumtaka apigane kama roboti. Akitoka baada ya kuwamaliza wote, tusi hilo halisikiki. Badala yake hutolewa onyo kwamba asiachwe atoroke. Otto anapotokea, hutangazwa hadhari ya mvamizi, mara mbili. Mchezaji akifa, roboti hujisifu kwamba wamempata. Na jambo lililonifanya nisimamishe mchezo nikaandika daftarini ni hili: neno "kuku" haliingii katika zile sentensi 24 ila kama mchezaji amekwisha kutukanwa kwa neno hilo katika chumba kilichotangulia. Maana yake ni kwamba mashine ilikumbuka. Ilitumia neno ambalo lilikuwa limekwisha kuwekwa kati ya msemaji na msemwa, kama sisi tunavyotumia jina la utani baada tu ya kisa kilicholizaa.

Kuna na usemi mwingine, ule ambao mashine iliutoa ikiwa imekaa bure, hakuna anayeicheza. Ilisema kwamba sarafu zimegunduliwa mfukoni. Kwa umbo, hiyo ni taarifa. Kwa kazi, ni ombi, na pengine ni unyang'anyi wa mzaha. J. L. Austin, mwanafalsafa Mwingereza ambaye mihadhara yake kuhusu matendo ya usemi ilichapishwa mwaka wa 1962, alitufunza kutofautisha umbo la kauli na tendo linalotendwa kwa kauli hiyo. Sijapata mfano mzuri kuliko huu wa mashine isiyo na mikono inayoomba sarafu kwa kujifanya inatoa habari.

Ikiwa mambo ni hayo, kwa nini mchezo huu ukasahauliwa kwa upande wake ulio bora? Nadhani sababu kubwa ni kwamba watu wengi walikutana nao ukiwa bubu. Mwaka wa 1982 ulitolewa kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Atari 2600, iliyoenea mno siku zile. Kuta zilikuwapo, roboti walikuwapo, na Otto alikuwapo. Sauti haikuwapo. Toleo la mwaka wa 1983 la mashine ya Atari 5200 lilirudishiwa sauti, lakini mashine hiyo haikupata wanunuzi wengi kama iliyoitangulia. Ukiwaondolea roboti maneno yao, kinachobaki ni kijitu kinachokimbia na kufyatua risasi, na hapo lawama zote zinazotupiwa michezo ya aina hiyo zinakuwa za haki. Mwaka wa 2023 kampuni ya Atari ilinunua haki za Berzerk na kutoa toleo jipya, jambo lililowafanya baadhi ya watu waukumbuke mchezo wa awali. Nami nasema waukumbuke kwa masikio.

Sasa nigeukie Kiswahili, kwa kuwa swali hili haliepukiki. Berzerk ilikuwa na matoleo yaliyosema Kijerumani, Kifaransa na Kihispania. Je, ingewezekana roboti hao waseme Kiswahili kwa mbinu ile ile? Nilijaribu kwenye karatasi, nikakwama mara moja. Kiingereza huhifadhi kitenzi kama jiwe: neno la kupiga ni hilo hilo, uwe unamwamuru mmoja au wengi, apigwe mtu au kitu. Kiswahili hakina mawe. Kina udongo wa mfinyanzi. Tazama kitenzi kimoja, piga, katika hali ya kuamuru pekee: mpige, kipige, mpigeni, kipigeni, usimpige, usikipige, msimpige, msikipige. Hayo ni maumbo manane ya kitenzi kimoja, nasi bado hatujagusa ngeli nyingine wala nafsi nyingine. Vitenzi sita vingetupa maumbo 48, na kwa dola 1,000 kila umbo, kampuni ingefilisika kabla roboti hawajamaliza kufoka.

Je, hilo ni pungufu la Kiswahili? La hasha. Ni pungufu la wazo kwamba lugha ni maghala ya maneno. Ukivunja maneno hayo manane utaona kwamba yamejengwa kwa vipande vichache sana: shina, kiambishi cha yambwa, kiambishi cha ukanushi, alama ya wingi. Yule atakayerekodi maneno mazima atahitaji maelfu. Yule atakayeijua mofolojia atahitaji makumi. Tofauti kati ya wawili hao si fedha bali ni elimu ya sarufi, ile ambayo wanafunzi wetu hutuuliza kila mwaka ina faida gani.

Wakati huo huo kulikuwa na njia nyingine. Mwaka wa 1981 ulitolewa mchezo wa Gorf, ambao nao ulisema, ila kwa kutumia kipande cha silikoni kilichotengenezwa na Votrax. Hicho hakikuhifadhi maneno. Kilihifadhi fonimu, 64 kwa jumla, na mtungaji aliziunga mwenyewe akapata neno lolote alilolitaka. Kwa njia hiyo Kiswahili kingetamkika kwa wepesi, kwa kuwa irabu zetu ni tano, silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na maandishi yetu yanakaribiana na matamshi. Hata hivyo fonimu zile zilipimwa kwa mizani ya Kiingereza cha Marekani. "Gh" ya ghali na ghafla isingepatikana humo, na roboti wetu angesema Kiswahili kwa lafudhi ya mtalii.

Kuna tatizo jingine lililo zito kuliko matamshi. Nimesema kwamba roboti humtaja mchezaji kwa kiwakilishi ambacho Kiingereza hukitumia kwa vitu. Hilo ni tusi, lakini katika Kiingereza ni tusi dogo linalopita upesi. Katika Kiswahili lingekaa ndani ya kitenzi chenyewe: si "mwue" bali "kiue". Kila mzungumzaji wa Kiswahili atahisi ubaridi wa badiliko hilo. Tuna nomino kama kipofu na kiziwi, zenye umbo la ki-, lakini twasema kipofu amekuja, kiziwi amesikitika. Anayesema kwamba kipofu "kimekuja" amemvua mwenzake utu kwa silabi moja. Wahandisi wa California waliomtengenezea kipofu kikokotoo walimtambua kuwa mtu mwenye hesabu zake. Roboti wa Chicago waliomrithi ulimi walikana utu wa yule aliyesimama mbele yao. Ngeli zetu zingeionyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko Kiingereza kilivyoweza.

Na huyo kuku je? Kwa Waingereza na Wamarekani, kuku ni mwoga. Kwa Waswahili, kuku ana sifa nyingi, lakini ukimwita mtu kuku kwa sababu amekimbia vita atakutazama tu akingoja ufafanue. Mwoga wetu ni kunguru, tena hatumtukani: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Roboti anayesema Kiswahili angemwita mchezaji kunguru, na mchezaji angeshukuru kwa kusifiwa. Mchezo wote ungegeuka maana, kwani aliyetoroka angehesabiwa kuwa mwenye hekima. Mfano huo mmoja watosha kumwonyesha mwanafunzi wa tafsiri kwamba neno halihamishwi peke yake. Huhamishwa pamoja na kijiji chake.

Najua kwamba wapo watakaoniuliza kama sasa nawahimiza vijana wetu wakeshe wakicheza michezo ya kuua. Siwahimizi. Mwenye mtihani asome, na mwenye usingizi alale. Wala sidai kwamba roboti wa Berzerk walikuwa na lugha kamili. Katika usiku wote nilioketi nao sikuwasikia wakiuliza swali, wala wakisimulia ya jana, wala wakisema "mimi". Walijua kuamuru, kuonya, kutukana na kujisifu. Lugha yenye hayo pekee ni lugha ya kambi, si ya watu. Lakini kwa kuona walichonacho tunaona vilevile walichokikosa, na ndivyo mwanasayansi anavyofanya kazi: huchukua kitu kidogo anachoweza kukizunguka chote, ili akielewe kile kikubwa asichoweza kukizunguka.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wa sintaksia sasa ana jibu, ingawa nimechelewa kulitoa. Nimemwambia kwamba swali la maneno mangapi halifai. Mwenye maneno 1,000 yasiyoungana ana orodha. Mwenye maneno 11 yanayochaguana, yanayofuatana kwa kanuni, na yanayojua wakati wa kutamkwa, amekwisha kuvuka kizingiti na kuingia ukumbini, hata kama amesimama karibu na mlango.

Jambo hili si la mchezo. Mashine zinazosema zimetuzunguka, na Kiswahili kimo ndani yake. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Waswahili wanaojitolea, na zipo simu zinazosoma Kiswahili kwa sauti. Zisikilize kwa makini utakuta bado zinajikwaa pale pale nilipokwama kwenye karatasi yangu: katika kitenzi, katika viambishi, katika "ng'" na "gh". Watakaozirekebisha si wahandisi peke yao. Ni wahandisi watakaoketi na mtu anayeijua mofolojia ya Kiswahili, na mtu huyo ameketi sasa hivi katika madarasa yetu, pengine akiwaza juu ya mchezo ambao mwalimu wake anauona wa kipuuzi.

Mdharau biu, wahenga walisema, hubiuka yeye. Mwezi uliopita nilimtafuta yule mwanafunzi wa kwanza. Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Nilimwomba radhi kwa simu, akacheka, akasema yamepita. Kisha nikamwomba anitumie nakala ya karatasi ile, kwa kuwa nilitaka kusoma upande wa pili. Alinyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "niliitupa siku ile ile, kwenye pipa lililo nje ya ofisi yako." Nilimwuliza kama anakumbuka alichokuwa ameandika nyuma. Alisema kwamba anakumbuka lilikuwa jambo kuhusu Kiswahili, lakini halikumbuki vizuri, na kwamba ana kipindi baada ya dakika tano.

Haya niliyoyaandika ni yangu, na sijui kama yanakaribia yake. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiwaletea karatasi iliyoandikwa mbele na nyuma, igeuzeni.